Shimo la Mfano

Ndugu msomaji, kama una haraka weka habari hii kando, maana inahusu nchi isiyo na haraka. Jina lake sitalitaja. Si woga, hasha. Nilipoanza kuandika ilikuwa na jina moja, na sasa kamati ya kuitafutia jina la kutia moyo zaidi bado inakaa, tena inakaa hotelini, kwa hiyo si leo wala kesho. Itoshe kusema kwamba ni nchi nzuri, yenye mto mkubwa, Kiongozi mkubwa kuliko mto, na bonde liitwalo Chekeni, ambako ndiko tulikokuwa tukiishi sisi.

Mto wenyewe, Kivumo, ulipita juu ya Chekeni. Sikusema kando, nimesema juu. Babu zetu walijenga tuta refu la udongo, maji yakakaa upande wa huko na sisi tukakaa upande wa huku, chini yake, tukilima mpunga na kuzaa watoto kana kwamba kuishi chini ya mto ni jambo la kawaida. Kila kiangazi Kikosi cha Tuta kilipanda kuziba nyufa, kushindilia udongo na kupanga viroba vya mchanga mahali palipolegea. Mimi nilikuwa mmoja wa kikosi hicho.

Nyapara wetu alikuwa Bi. Sikudhani, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza. Kabla yake nyapara alikuwa mume wake, Makungu, mpaka siku gogo lilipomwangukia akapooza kuanzia kiunoni kwenda chini. Nyumba yao ilikuwa ya kwanza kabisa chini ya tuta. Makungu alilazwa kando ya dirisha, na kutoka hapo alituona tukifanya kazi, akatukosoa kwa kelele mchana kutwa. Tulimzoea.

Hatukuwa na ari. Hilo sikulijua mpaka nilipoambiwa. Mimi siku zote nilidhani tunalijenga tuta kwa sababu mto upo.

*

Mambo yalianza Mheshimiwa Kinara wa Taifa aliporudi kutoka ng'ambo, alikokwenda kwenye mkutano wa viongozi juu ya namna ya kuwapa moyo watu walio chini yao. Alihutubia taifa pale pale uwanja wa ndege, na hotuba ilinoga hata bendi ya polisi ikaomba ruhusa kwenda kula ikarudi ikamkuta katika utangulizi. Alisema amegundua ugonjwa wa nchi. Si njaa, si barabara, si dawa. Wananchi wanafanya kazi wakiwa na nyuso za kawaida, na mtu mwenye uso wa kawaida hana ari. Dawa yake ni kiongozi kuongoza kwa mfano. Kuanzia siku hiyo, akasema, hakuna mwananchi atakayefanya kazi ambayo hajamwona kiongozi wake akiifanya kwanza.

Mawaziri waliitikia mara moja, maana hawakuwa watu wa kusubiri kufukuzwa. Waziri wa Reli aliendesha treni ya asubuhi kwa mikono yake mwenyewe, na treni hiyo tunaambiwa bado inaendelea vizuri na safari. Waziri wa Elimu alifundisha hesabu darasa la tatu, na tangu hapo darasa hilo lina jibu lake la saba mara nane. Mwalimu mmoja alijaribu kulisahihisha. Akaelezwa kwa upole kwamba mfano wa kiongozi haufutwi ubaoni, na sasa anafundisha michezo.

Sisi wa Chekeni tulipata bahati kubwa kuliko wote. Kwetu alikuja Mheshimiwa Kinara mwenyewe.

Tuliandaliwa na Afisa Ari wa wilaya, Bwana Kasiani, mtu mzima mwenye shahada mbili za hamasa na macho ya mtu asiyelala. Kazi yake ilikuwa kupima ari yetu, na aliipima kwa sikio. Yeye alipaza sauti, "Ari?" nasi tukajibu, "Juu!" Ikiwa jibu ni dogo, tulirudia. Mimi Mungu kanijalia koo pana, kwa hiyo nikateuliwa Mwitikiaji Mkuu wa Kikosi, nikavishwa mshipi wa kitambaa cha njano begani. Mke wangu aliufua kila Ijumaa. Sikuonea haya mshipi ule, na nisiseme uongo, niliupenda.

Siku ilipofika zulia jekundu lilitandikwa kutoka mlango wa gari mpaka juu ya tuta. Jembe lililetwa juu ya mto wa velveti, mpini umepakwa vanishi, ubapa unang'aa hata ungeweza kunyolea ndevu mbele yake. Sisi tulitegemea Mheshimiwa atatupia udongo kidogo penye ufa, apigwe picha, aende zake. Ndivyo mambo yanavyofanyika siku zote. Lakini yeye alishika jembe, akalinyanyua, akalikita katikati ya mgongo wa tuta, akavuta.

Alichimba.

Bi. Sikudhani alisogea akasema taratibu, kwa adabu zote, kwamba tuta halichimbwi, tuta linajazwa. Mheshimiwa hakusikia vizuri kwa sababu ya nyimbo, akauliza mama anasema nini. Bwana Kasiani akainama kwenye kipaza sauti. "Nyapara anasema tangu azaliwe hajaona uchimbaji wa namna hii," akatangaza, na kusema kweli hakudanganya.

Basi Mheshimiwa akanogewa. Akavua koti. Jasho likamtoka, jambo ambalo walinzi wake walidhani ni ugonjwa wakaita daktari. Alichimba mpaka shimo likawa la kuficha mbuzi aliyesimama. Kisha akaegemea mpini, akatutazama, na machozi yakamlenga. Alituambia kwamba mara ya mwisho kujisikia hivyo alikuwa kijana. Nilimwamini. Mtu aliyefurahi unamjua, na yeye alifurahi kweli siku ile.

*

Magari yalipoondoka, Bi. Sikudhani alichukua beleshi akatuamuru tujaze lile shimo kabla ya chakula. Beleshi la kwanza lilikuwa bado hewani alipokuja koplo mmoja mwenye bunduki na kamba. Alizungusha kamba kulizunguka shimo, akasimika kibao. Tangu saa ile, akatueleza, hili si shimo tena, ni Shimo la Mfano, kumbukumbu ya taifa, na anayeligusa anagusa juhudi za Kiongozi.

Bi. Sikudhani alimuuliza kama anajua kuna nini upande wa pili wa tuta. Koplo akachungulia. Akasema anaona maji.

"Na upande huu?"

Akasema anaona nyumba, na mtu dirishani anapiga kelele.

"Yule ni mume wangu," alisema Bi. Sikudhani. "Hatembei."

Koplo alikuwa mtu mwema, mtoto wa wakulima kama sisi. Akasema amri ni amri, akamwomba samahani.

Wiki zilizofuata zilikuwa za mawaziri. Kinara akishaonyesha mfano, nani atakaa ofisini? Lakini ukiwa waziri huwezi kuchimba kwenda chini zaidi ya Kinara, maana utaonekana unajipima naye. Kwa hiyo walichimba kwenda pembeni. Waziri wa Mifugo alichimba upande wa mto, Waziri wa Utamaduni upande wa bonde. Wakaja manaibu, wakaja wakuu wa mikoa, akaja mwenyekiti wa bodi ya korosho ingawa nchi yetu haina mikorosho. Kila mmoja alikuja na jembe lake kwenye mto wake wa velveti, na wote tuliwashangilia, nami nikiongoza. Mpaka kiangazi kinaisha, Shimo la Mfano lilikuwa limekatiza tuta karibu lote, na kati yake na mto pakabaki ukuta mwembamba ambao mtoto angeweza kuukalia kwa kutanua miguu.

Sisi kazi yetu ilikuwa kusimama na kutiwa moyo. Kuziba nyufa za kwingine hatukuruhusiwa, kwa kuwa hakuna kiongozi aliyekuwa amewahi kuziba, na bila mfano tungefanya kazi ile kwa uso wa kawaida. Nyufa tuliziona. Tulizipita tukitazama mbele, kila mmoja akijifanya hajaziona, na jioni hatukuwa na hamu ya kuzungumza.

*

Hapo ndipo ilipopitishwa Sheria ya Kutovunjana Moyo. Ni sheria nzuri, fupi, nami naiunga mkono. Inasema mtu yeyote hataruhusiwa kusema, kuashiria au kufikiri kwa uso wake jambo linaloweza kupunguza ari ya mwenzake.

Kwanza walianza na methali. Kamati ilizipitia zote. "Haba na haba hujaza kibaba" ilipita bila kupingwa. "Usipoziba ufa utajenga ukuta" ikafutwa, na bibi mmoja aliyeitumia kumsuta mkwewe akaonywa. "Mfa maji haachi kutapatapa" ilifutwa mara mbili kwa kuwa kamati ilisahau kwamba imeshaifuta. "Dalili ya mvua ni mawingu" iliruhusiwa, ila wakati wa kiangazi tu.

Kisha wakaja kwa watu. Kwenye kikosi chetu kulikuwa na fundi wa viroba, Kiparata, mtani mkubwa, mtu wa kucheka na kuchekesha. Siku moja alitazama juu akasema mawingu ya mwaka huu yamekaa vibaya. Alipelekwa kambi ya kutiwa moyo. Aliporudi alikuwa anatabasamu. Tulimuuliza huko kukoje, akatabasamu. Mkewe alimwandalia chakula, akatabasamu, akala. Neno moja hakutoa kinywani, siku hiyo wala zilizofuata, na usiniulize walimfanya nini kwa kuwa sijui, na nisingependa kujua.

Kuhama bondeni nako kukawa kosa, maana jirani akikuona unahama moyo wake utavunjika. Wakaweka kizuizi kwenye njia ya kupandia mwinuko, ambako barabara kuu inapita. Aliyepita na kikapu aliulizwa kikapu cha nini. Aliyepita na godoro hakuulizwa, alirudishwa hapo hapo.

Bi. Sikudhani alijaribu. Aliazima mkokoteni, akampandisha Makungu juu ya godoro, akamfunika shuka, tukamsaidia kusukuma. Kwenye kizuizi akasema anampeleka mgonjwa hospitali. Askari wa zamu walimpa pole. Walikuwa wameshaanza kuinua mti wa kizuizi, mmoja wao akafunua shuka kumsalimia mgonjwa, akaiona sufuria. Makungu alikuwa amekumbatia sufuria yao ya wali, nyeusi kwa moshi.

Waliuliza mtu anayekwenda hospitali na kurudi anahitaji sufuria ya nini. Makungu ndiye aliyejibu. "Niliichukua mimi," akasema. "Nilimwambia hatutarudi. Mimi nimejenga tuta lile miaka yote, nalijua, na lile halifiki mwisho wa masika."

Kwa maneno hayo alistahili kambi. Walimwacha kwa sababu kambi haikuwa na kitanda cha mtu aliyepooza. Mkokoteni ukageuzwa. Wakati wa kushuka Bi. Sikudhani hakulia, lakini alimgombeza mumewe njia nzima kwa ajili ya sufuria, akamgombeza kwa maneno ambayo hata mimi niliyaona makali, naye Makungu akawa anakubali tu, ndiyo mke wangu, ndiyo mke wangu. Iliniuma sana kusikia hivyo. Nilivuta mshipi wangu ukakaa sawa, nikaendelea kusukuma.

*

Mvua ilianza alasiri moja na haikukata tena. Redio ya taifa ilitangaza kwamba mto nao umepata ari. Kila saa walitaja kimo cha maji kwa fahari, wakiupongeza mto kwa kuvuka lengo.

Bi. Sikudhani alimfuata Bwana Kasiani ofisini na sisi nyuma yake, tumelowa chapachapa. Alimwomba ruhusa ya kujaza shimo, udongo tunao, viroba tunavyo, mikono tunayo, kazi ya siku moja. Bwana Kasiani alitoka nje akatazama tuta. Nadhani aliona. Kisha akatuuliza, "Ari?" na mimi, kwa mazoea ya koo, nikajibu, "Juu!" peke yangu. Wenzangu waligeuka kunitazama, nikatamani ardhi ipasuke.

Bwana Kasiani alieleza kwamba yeye hana pingamizi, ila kuna utaratibu. Mfano wa kiongozi unaweza kufukiwa na kiongozi wa cheo hicho hicho au cha juu yake. Shimo hili alilianzisha Mheshimiwa Kinara. Juu ya Mheshimiwa Kinara hakuna mtu. Kwa hiyo wa kulifukia ni mmoja tu.

"Basi mwiteni," alisema Bi. Sikudhani.

Na akaja, ndugu msomaji. Nitamtetea kwa hilo mpaka kaburini. Wengine wangetuma salamu za pole. Yeye alikuja kwenye mvua ile, na mawaziri wake wote, na mpigapicha, chini ya miavuli mikubwa myeusi. Alipanda tuta akasimama mbele ya Shimo la Mfano. Maji ya mto yalikuwa sawa na kile kiukuta, yanatikisika kwenye ukingo.

Bi. Sikudhani alipiga magoti kwenye tope. Sijawahi kumwona akipigia mtu magoti, hata kanisani alikuwa anakaa kwa kiburi. "Baba," alisema, "unaliona dirisha lile? Mume wangu amelala pale. Ziba hapa, au niruhusu nimtoe. Moja tu kati ya hayo mawili. Sina ombi jingine duniani."

Mheshimiwa alilia. Si machozi ya picha, yalikuwa ya kweli, nilisimama karibu nikayaona. Akamwinua kwa mkono. Akatugeukia sisi wa kikosi akasema kwamba kiongozi wa kweli hachimbi tu, kiongozi wa kweli hufukia, na leo atafukia kwa mikono yake mwenyewe, na hataondoka mpaka mama huyu alale usingizi. Nilipiga ukelele bila kuongozwa na mtu. Wote tulipiga kelele. Bi. Sikudhani alifunika uso kwa khanga, mabega yakawa yanatikisika, na mimi nikajisemea moyoni kwamba kumbe tulimkosea heshima mzee wa watu.

"Leteni udongo," alisema Mheshimiwa.

Udongo ulikuwepo. Tuliurundika chini ya tuta tangu kiangazi, tukiutazama kila siku. Tulikimbilia mabeleshi. Lakini Bwana Kasiani alituzuia kwa mikono miwili, kwa kuwa ule ulikuwa udongo wa kawaida, na haiwezekani mkono wa Kinara ukashika udongo wa kawaida. Mawaziri nao hawakukubali wananchi wampelekee Kiongozi udongo wakati wao wapo wanatazama. Waziri wa Mifugo alinyakua jembe, akatafuta udongo wa karibu zaidi na wenye heshima zaidi. Ulikuwa udongo wa ukingo wa Shimo lenyewe, ambao Mheshimiwa alikwisha kuukanyaga. Akakata bonge, akampa. Mheshimiwa akalitupia shimoni, akapigwa picha. Waziri wa Utamaduni akaona amezidiwa, akakata bonge kubwa zaidi, upande wa mto. Wakafuata wengine, wanasukumana, wanateleza, kila mmoja anataka bonge lake lifike kwanza mikononi mwa Kinara.

Bi. Sikudhani alipiga kelele waache. Alimshika waziri mmoja koti, koti likabaki mkononi mwake. Kisha alitazama kile kiukuta, nasi tukatazama alikotazama. Maji yalikuwa yanapita juu yake, kidogo tu, ungedhani mtu anamwaga chai kwa uangalifu.

Hakusubiri. Alishuka upande wa bonde mbio, akianguka na kuinuka.

*

Kiukuta kilipobomoka hakikutoa mlio mkubwa. Mlio ulikuja baadaye, kutoka chini, wa nyumba. Sisi tulikimbilia kwenye mwinuko, mawaziri mbele, nawasifu kwa mbio zao, na Mheshimiwa Kinara katikati yao akiwa amebebwa na walinzi. Tulisimama barabarani tukageuka. Mpunga haukuwepo. Kulikuwa na maji ya rangi ya udongo na mapaa, na juu ya mapaa watu.

Mawaziri waliingia kwenye magari kwa ajili ya mkutano wa dharura. Mheshimiwa alikataa kuondoka. Alisema mahali pake ni pamoja na watu wake wakati wa majaribu, akamwita mpigapicha asogee. Walinzi waliendelea kumsihi mpaka wakaona magari yanaondoka, wakayakimbilia.

Hapo ndipo tulipomwona Bi. Sikudhani. Alikuwa anapanda kutoka kwenye maji, Makungu mgongoni, mikono ya mumewe imezunguka shingo yake, miguu yake iliyosinyaa isiyo na uhai inaburutwa nyuma. Maji yalimfika kifuani, kisha kiunoni, kisha magotini. Hatua moja, anapumzika. Hatua nyingine. Hakuna aliyesogea kumsaidia. Sijui kwa nini hatukusogea. Nadhani tulikuwa tumezoea kusimama.

Alipofika barabarani Mheshimiwa Kinara alikuwa analia tena. "Hiyo!" alituambia, akimnyooshea kidole. "Hiyo ndiyo ari ninayoisema." Kisha akamgeukia mpigapicha, na mpigapicha akamnong'oneza kitu, anafuta kioo cha kamera kwa shati. Mheshimiwa akamkaribia Bi. Sikudhani, akazungumza naye kwa upole sana, kama anavyozungumza mtu na mfiwa.

"Mama, kamera ililowa, haikuwahi. Nakuomba, kwa ajili ya taifa, ushuke naye kidogo tu, halafu upande tena."

Bi. Sikudhani alimtazama. Niliuona uso wake, na sina la kusema juu ya uso ule isipokuwa kwamba ulikuwa umechoka. Alimgeuzia mgongo, akarudi nyuma hatua moja, akamteremsha Makungu mikononi mwa Mheshimiwa.

"Mshike," alisema.

Naye akamshika, maana mtu akiwekewa mtu mikononi hana nafasi ya kufikiri. Makungu alikuwa na kilo zake. "Pitisha mkono chini ya mapaja," akamwambia Kiongozi wa nchi, kwa sauti ile ile aliyotukosolea sisi miaka yote. "Usinishike shati, litachanika."

Bi. Sikudhani alikuwa ameshageuka kurudi kwenye maji. Mheshimiwa alifurahi, akamwambia mpigapicha awe tayari, mama amekubali. Lakini mama alipita mahali pa kugeukia. Maji yakamfika kifuani na hakugeuka. Kwenye paa la pili kulikuwa na mtu anaita, sauti ya kizee, na yeye alikuwa anaielekea sauti ile, na hakutazama nyuma kuona kama kuna anayemfuata.

Kiparata alikuwa amesimama kando yangu, na lile tabasamu lake la kambini. Nikaona limemtoka. Aliinama akavua viatu, akavipanga vizuri kando ya barabara, akashuka. Baada yake koplo alilaza bunduki chini akashuka. Bwana Kasiani alishuka na suti yake na shahada zake mbili, analia kwa sauti, sikujua kama anajua kuogelea. Wakashuka wa kikosi mmoja mmoja, wanawake kwa wanaume, hata mpigapicha aliweka kamera juu ya jiwe.

Mimi niliogopa. Nitalisema hivyo hivyo, niliogopa, na kuogelea kwangu ni kwa shida. Nilivua mshipi wa njano nisije nikanaswa nao, nikaingia. Maji yalikuwa ya baridi na yalinivuta kwa nguvu kuliko nilivyotarajia. Mbele yangu niliona kichwa cha Bi. Sikudhani, kinaonekana, kinapotea, kinaonekana.

Nyuma yangu nilimsikia Mheshimiwa Kinara akiita. Alimwita kwanza Bwana Kasiani, kisha mawaziri, mmoja baada ya mwingine kwa majina yao, akiuliza nani atampokea mtu huyu, mikono yake inachoka. Magari ya mawaziri yalikuwa yameshakwenda, na sisi wengine wote tulikuwa tumeshashuka.